Kuhamisha draivi ya pampu kutoka otomatiki kwenda mkono, na kuirudisha salama

Draivi ya mota, ambayo mafundi wengi huiita invata, inaweza kupokea kasi kwa njia mbili. Kwenye otomatiki inasoma sensa, tuseme ya presha ya maji, na kupandisha au kushusha kasi yenyewe. Kwenye mkono kasi anaiweka mtu, kwa vitufe vya draivi au kwa kitasa kilichofungwa mlangoni mwa paneli. Mwongozo huu ni wa anayehudumia nyumba ya pampu: hoteli ya Nungwi au Paje, skuli yenye tangi la juu, kisima cha kijiji Pemba. Mfano wetu ni pampu ya 7.5 kW, volti 400, fezi tatu, Hz 50, inayovuta kutoka tangi la chini na kushika bar 4 kwenye bomba la jengo.

Watu wengi huhamia mkono maji yakipungua kwenye mifereji ya ghorofa za juu, wakiamini kwamba mkono una nguvu zaidi. Hauna. Ni draivi ile ile, ila imefumbwa macho: haijui kama bomba limejaa au limepasuka, wala kama tangi la chini limekauka. Mkono una kazi zake halali, nazo ni chache: sensa imekufa na watu wanahitaji maji, unasafisha bomba jipya, unajaribu mota baada ya matengenezo, au unatafuta chanzo cha hitilafu. Nje ya hapo, iache otomatiki.

Amri ya kuwaka na kiwango cha kasi

Kabla ya kugusa kitufe chochote, jua draivi yako inasikiliza nani. Inangoja vitu viwili: amri ya kuwaka, na kiwango cha kasi. Vitu hivi vinaweza kutoka sehemu mbili tofauti, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Amri inaweza kutoka kwenye swichi ya mlangoni kupitia terminali ya dijitali (inayosoma ndiyo au hapana tu), huku kasi ikitoka kwenye sensa kupitia ingizo la analogi (linalosoma kiwango kinachopanda na kushuka). Ukihamisha kasi peke yake, draivi itakuonyesha Hz 35 kwenye kioo na mota haitikisiki, kwa sababu amri ya kuwaka bado inasubiriwa kwenye terminali. Ukihamisha amri peke yake, mota itawaka na kukimbilia kasi ambayo sensa inaitaka, na wewe unazungusha kitasa bure.

Kwenye draivi za Danfoss za pampu kuna vitufe vya Hand On, Off na Auto On. Kubonyeza kimoja tu kunahamisha amri na kasi kwa pamoja. Za ABB nyingi zina kitufe cha LOC/REM, yaani hapa kwenye draivi au kutoka mbali. Draivi nyingi ndogo za bei nafuu hazina kitufe maalumu, kwa hiyo utaingia kwenye parameta (mipangilio ya ndani ya draivi) mbili, moja ya chanzo cha amri na nyingine ya chanzo cha kasi, na zote mbili lazima zibadilishwe. Namba za parameta hutofautiana hata kwa kampuni moja, kwa hiyo fungua kitabu cha modeli iliyo mbele yako. Usifuate namba ulizozikariri kwenye mashine nyingine.

Vifaa

Multimita inayopima DC hadi volti 1000 na miliampea, yenye daraja la usalama la CAT III; bisibisi zenye mipini isiyopitisha umeme; kufuli la saketi breka pamoja na kibao cha onyo; geji ya presha ya kawaida, bar 0 hadi 10, iliyofungwa kwenye bomba la kutolea; daftari na kalamu. Geji ndiyo inayosahaulika mara nyingi, na bila geji hufanyi kazi ya mkono. Macho yaliyoondolewa kwenye draivi yanabidi yawe ya kwako, na utaangalia nini?

Kama unafungua paneli

Kuhama kwa kitufe hakuhitaji kufungua kitu. Kama utagusa terminali, zima saketi breka, tia kufuli, kisha subiri. Draivi ya volti 400 huhifadhi takriban volti 565 za DC kwenye kapasita zake, na chaji hiyo hubaki baada ya kioo kuzimika. Muda wa kungoja umeandikwa kwenye kibandiko cha draivi, kwa kawaida dakika 5 hadi 15. Ukimaliza kungoja, pima DC kwenye terminali za plasi na mainasi. Isizidi volti 50 kabla hujatia mkono. Hakikisha pia swichi ya jenereta haiwezi kuleta umeme upande wa pili. Katika nyumba za pampu zenye jenereta inayojiwasha yenyewe, kuzima breka ya ZECO (shirika la umeme la Zanzibar) peke yake ni kuialika jenereta iwake.

Kutoka otomatiki kwenda mkono

1. Andika kinachoonekana sasa hivi: Hz, ampea, presha ya draivi, presha ya geji, na presha iliyotegwa (ile ambayo draivi imeagizwa kuishika). Presha ya draivi na ya geji zikitofautiana kwa zaidi ya nusu bar, huenda tatizo lako umeshalipata, nalo ni sensa.

2. Angalia kiwango cha maji kwenye tangi la chini kwa macho. Usitegemee taa.

3. Hakikisha vali ya kutolea iko wazi na kuna mahali maji yanapokwenda: mfereji mmoja mkubwa, au njia ya tangi la juu.

4. Isimamishe pampu kwa amri ya kusimama, ingoje ishuke yenyewe. Kuhama huku pampu inazunguka kunawezekana, ila kila draivi ina tabia yake: nyingine huendelea na kasi ile ile, nyingine husimama, na nyingine huruka hadi kasi ya mkono iliyoachwa na mtu wa mwisho. Kama hujui ya kwako ni ipi, isimamishe.

5. Weka kasi ya mkono iwe Hz 30 kabla ya kuhama. Hili ni muhimu kuliko linavyoonekana. Mtu wa mwisho akiwa aliacha Hz 50, kitufe cha mkono kitaipeleka pampu huko moja kwa moja.

6. Hamia mkono. Kwenye baadhi ya draivi kitufe hicho hicho ndicho kinachowasha mota, kwa hiyo asiwepo mtu mwenye mkono kwenye kapulingi, kiungo cha mota na pampu.

7. Pandisha kwa Hz 2 kila mara, ngoja sekunde 10 hadi 15, soma geji na ampea, halafu panda tena. Simama ukifika presha unayoitaka. Ampea zisizidi zilizoandikwa kwenye kibati cha mota, kwa 7.5 kW ya volti 400 huwa karibu 15, lakini kibati ndicho mwamuzi.

Usishangae ukikuta pampu inazunguka na maji hayatoki. Presha ya pampu ya kuzungusha maji (centrifugal) hufuata mraba wa kasi. Pampu inayotoa bar 6 kwa Hz 50 ikiwa vali imefungwa, kwa Hz 30 itatoa kama bar 2.2 tu. Kama bomba la jengo tayari lina bar 2.5, vali ya kuzuia maji kurudi haifunguki, na pampu inabaki kuyakoroga maji yale yale ndani ya tumbo lake mpaka yapate moto na kuharibu sili, kizuizi cha maji kwenye shafti. Kwa mfano huu maji huanza kwenda baada ya kuvuka Hz 32 na kidogo. Tafuta kiwango hicho cha pampu yako, kiandike, na usiiache ikizunguka chini yake kwa zaidi ya dakika moja au mbili.

Kwa upande wa juu, nguvu hufuata mchemraba wa kasi (kasi mara kasi mara kasi): Hz 40 ni asilimia 80 ya kasi, lakini nguvu inayoliwa ni karibu asilimia 51. Ndiyo maana kuiacha pampu Hz 50 usiku kucha, jengo limelala, kunaonekana kwenye luku kabla hakujaonekana kwenye bomba.

Kufunga swichi ya A-0-M mlangoni

Kama kuhama kutatokea mara kwa mara, usimwache mlinzi wa zamu aingie kwenye menyu. Funga swichi ya nafasi tatu (A otomatiki, 0 simama, M mkono) ya mm 22, yenye bloku mbili za kontakti za kawaida-wazi, pamoja na potenshiometa (kitasa cha kasi) ya kilo-omu 10. Thibitisha kwenye kitabu kwamba draivi yako inakubali thamani hiyo, maana nyingine hutaka 5.

Kontakti ya upande wa A ipeleke kwenye terminali ya kuwaka kwa otomatiki, ya upande wa M kwenye terminali ya kuwaka kwa mkono. Kwenye draivi nyingi utahitaji pia terminali moja ya kuchagua chanzo cha kasi, na kontakti ya M inaweza kuilisha hiyo sambamba. Nafasi ya 0 haifungi chochote, na pampu inasimama. Ikumbukwe kwamba 0 husimamisha kwa amri tu, haikati umeme; mtu asiitumie kama swichi ya usalama wakati wa kufungua pampu.

Potenshiometa ina miguu mitatu: ncha moja kwenye 10 V ya draivi, ncha ya pili kwenye 0 V ya analogi, mguu wa kati kwenye ingizo. Ukizungusha kulia na kasi ikashuka, badilisha ncha mbili za pembeni. Waya wa 0 V ukikatika, ingizo litapata volti 10 kamili na pampu itakimbilia kasi ya juu kitasa kikiwa popote. Huu ni ubovu wa kweli kwenye paneli zilizoliwa na chumvi, na ndiyo sababu ya kuweka kasi ya juu kabisa kwenye parameta, tuseme Hz 45 kama jengo halihitaji zaidi.

Kebo za sensa na kitasa ziwe zenye ngao, ngao ifungwe ardhini upande wa draivi. Zipitishe mbali na kebo ya mota, sentimita 20 hadi 30, na zinapolazimika kukutana zikatane kama msalaba. Ukizifunga pamoja kwenye njia moja ya plastiki ya kupitishia waya, presha itacheza kwenye kioo hata maji yakiwa yametulia.

Ulinzi unafungwa wapi

Sehemu hii ndiyo inayogharimu mota. Katika paneli nyingi boya la tangi la chini limefungwa mfululizo na kontakti ya A. Otomatiki inalindwa vizuri: maji yakiisha, boya linakata, pampu inasimama. Siku swichi ikiwekwa M, umeme wa amri unapita njia nyingine na boya halimo. Tangi linakauka, pampu inazunguka kavu, sili ya mitambo inaungua ndani ya dakika chache.

Boya, swichi ya presha ya juu na kontakti ya joto la mota vinatakiwa kwenye terminali ya ruhusa ya kuzunguka, au ya hitilafu ya nje, ambayo draivi huitazama kwenye hali zote mbili. Baada ya kufunga, jaribu: weka M, washa kwa Hz 35, inua na ushushe boya kwa mkono. Pampu isiposimama, kazi haijaisha. Jaribu tena kwa kitufe cha mkono cha kwenye draivi yenyewe, kwa sababu baadhi ya draivi hupuuza terminali fulani zikiwa kwenye vitufe.

Wapo wanaoita pia mkono ile njia ya kuipita draivi kwa kontakta na kuipeleka mota moja kwa moja kwenye umeme. Hicho ni kitu kingine. Hapo hakuna kasi ya kuchagua, ni Hz 50 papo hapo, na ulinzi wote wa draivi haupo. Lazima iwe na relei yake ya kuzidi mzigo. Mwelekeo nao hubadilika: kubadilisha fezi upande wa kuingia kwa draivi hakugeuzi mota, lakini kwenye njia ya moja kwa moja kunaigeuza.

Kurudi otomatiki

Sababu iliyokupeleka mkono iwe imeondoka. Kama ilikuwa sensa, ipime kabla ya kuikabidhi pampu. Sensa ya waya mbili ya bar 0 hadi 10, miliampea 4 hadi 20, inatakiwa itoe 4 kwa bar 0, 8 kwa bar 2.5, 10.4 kwa bar 4, 12 kwa bar 5. Pima kwa kukata mzunguko na kuipitisha multimita katikati. Usiiguse tu plasi na mainasi ukiwa umeiweka kwenye miliampea, utaunguza fyuzi ya multimita. Ukipata 0, waya umekatika, au volti 24 hazifiki, au umegeuza miguu ya sensa.

Angalia pia mambo mawili madogo ndani ya draivi. Kuna kiswichi cha kuchagua volti au miliampea kwenye ingizo la analogi. Kikibaki kwenye volti, draivi huona ishara ya juu kabisa, inaamini presha imejaa, na pampu inakataa kuwaka. La pili ni kipimo cha chini: kikiwekwa 0 hadi 20 badala ya 4 hadi 20, draivi itasoma bar 2 bomba likiwa tupu. Ukitega bar 4, itatulia sensa ikitoa miliampea 8, ambayo kwa kweli ni bar 2.5. Mgeni wa ghorofa ya pili ndiye atakayekuletea taarifa.

Kisha shusha kasi ya mkono hadi Hz 30, simamisha, hakikisha presha iliyotegwa haijaguswa, na uhamie A. Amri ya kuwaka ikiwa ipo tayari, mota itaondoka mara moja. Simama hapo kwa dakika 5 hadi 10. Presha ikipanda juu ya bar 4, ikashuka chini, ikapanda tena bila kutulia, nguvu ya kidhibiti cha ndani ya draivi (gain ya PID) ni kubwa mno. Ipunguze kwa nusu kwanza, na uongeze muda wa kukusanya makosa (integral time). Funga mifereji yote uone kama pampu inalala, yaani draivi inaisimamisha kwa kuwa hakuna anayetumia maji. Isipolala, mara nyingi ni vali ya kuzuia kurudi inayovuja, au tangi la presha limepoteza hewa.

Weka pia kwenye parameta kile ambacho draivi ifanye ishara ikishuka chini ya miliampea 4. Kama hakijawekwa, sensa ikikatika draivi inaona bar 0, inafikiri jengo lina kiu, na inaipeleka pampu kasi ya juu mpaka bomba dhaifu kuliko yote lipasuke. Chagua isimame na kutoa alamu, au, pale ambapo maji hayawezi kukosekana, iende kasi moja ya wastani uliyoijaribu mwenyewe.

Visima vya pwani

Kwenye kisima cha kuchimba, mkono una hatari ambayo haionekani kwenye ampea. Maji matamu ya Unguja mashariki, Jambiani, Paje hadi Kiwengwa, yamekaa juu ya maji ya bahari ndani ya mawe ya matumbawe. Kwa hesabu ya kawaida ya maji ya pwani, kila mita 1 ya maji matamu juu ya usawa wa bahari hushikilia kama mita 40 chini yake. Kiwango kikishuka sentimita 10 kwa kuvutwa, maji ya chumvi chini yanaweza kupanda hadi mita 4. Pampu iliyotegwa kuvuta polepole saa nyingi, ikiwekwa mkono Hz 50 ili tangi lijae kabla ya wageni, huivuta chumvi juu, na ikishaingia haitoki kwa kuzima pampu siku moja. Ukiwa mkono, usipite kasi ambayo otomatiki huwa inafika. Pima upitishaji umeme wa maji, ambao hupanda chumvi ikiongezeka, mwanzoni na kila saa. Ukianza kupanda, punguza kasi.

Mota za kuzama zina sharti jingine. Bering yao ya kubeba uzito hutegemea filamu ya maji, ambayo hutengenezwa na kasi. Watengenezaji kwa kawaida hutaka ifike Hz 30 ndani ya takriban sekunde 1, na isishuke chini ya hapo ikiwa inafanya kazi. Kwa hiyo ule mtindo wa kuanza Hz 10 na kupanda taratibu, unaofaa kwa mota nyingi za juu ya ardhi, unaua mota ya kisima.

Umeme ukizimika ukiwa mkono

Unguja hupata umeme kwa kebo za chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, Pemba kwa kebo inayotokea upande wa Tanga. Umeme ukizimika na kurudi, draivi iliyo otomatiki na amri ya terminali kwa kawaida huwaka yenyewe. Iliyoendeshwa kwa vitufe, mara nyingi husubiri mtu aibonyeze. Ndiyo asubuhi unakuta tangi la juu tupu na draivi haina hitilafu yoyote iliyoandikwa. Kuna parameta ya tabia baada ya umeme kurudi: iendelee, au ibaki imesimama. Kwa mkono ni bora ibaki imesimama, na zamu ijue hivyo. Ikiwa unatumia jenereta ndogo, pandisha kasi polepole zaidi, maana volti ikishuka draivi itakata kwa volti ndogo na utaanza upya.

Mwisho ni hewa yetu ya chumvi. Kontakti za swichi ya A-0-M huota kutu ya kijani. Unageuza kwenda A na draivi haisikii, au inasikia ukiigonga paneli. Kabla ya kulaumu draivi, pima mwendelezo wa bloku hiyo ikiwa umeme umezimwa: ikionyesha omu kadhaa badala ya karibu na sifuri, ibadilishe, usiipige msasa. Ziba matundu ya kebo kwa glandi, kwa chumvi na kwa mijusi pia. Mjusi mmoja kati ya terminali mbili za umeme mkubwa anatosha kuifuta draivi. Na mlangoni bandika karatasi yenye Hz ya chini ambayo maji huanza kwenda, Hz ya juu inayoruhusiwa, ampea za kibati, na tarehe boya lilipojaribiwa mara ya mwisho kwenye M.